Kioo cha Dhahanati

Ukikosea ubaoni unafuta kwa kiganja. Ukikosea daftarini unafuta kwa raba, na ikishindikana unachana karatasi, unaanza upya. Kioo hakina raba. Basi mzazi mwenzangu, kabla hujamwelekeza mtoto anayechora kwenye kioo, funga mdomo kwanza ujiulize: hili ninalotaka kusema nalijua kweli, au nalikumbuka tu? Felicitas wa Ijumbi hakujiuliza.

Felicitas alikuwa mwanamke wa wasiwasi. Akisikia baiskeli inashuka mteremko, yeye alikwishamwona mtu chini, damu puani. Binti yake Joviana alipomaliza darasa la saba asichaguliwe kwenda sekondari, aliyelia ni mama. Binti alichukua jembe akaenda kupalilia kahawa.

Mumewe, Datius, alikuwa fundi gari Bukoba mjini, na kila Jumamosi alirudi nyumbani na nguo zinazonuka mafuta. Mambo yalianzia kwenye nguo hizo. Jumapili moja Joviana alichomoa tambara kwenye mfuko wa suruali ya baba yake, akasafishia kioo cha taa ya chemli. Kumbe tambara lilikuwa limeloa ile dawa nzito ya kijivu ambayo mafundi husagia valvu za gari, ile ambayo ukiishika vidoleni inakwaruza kama mchanga. Kioo kikaota ukungu, kikawa cheupe upande mmoja kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Mae! Kioo cha taa!" Felicitas alipiga kelele. "Sasa tutakula gizani kama popo."

Joviana alikipeleka kioo mlangoni, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mama, tazama. Hapa kidole changu kiliposhika, ukungu haukuingia. Pamebaki umbo la kidole."

"Naona. Umbo la kidole cha mharibifu."

Lakini binti alikuwa amekwishaona jambo ambalo mama yake hakuliona. Wiki iliyofuata aliomba kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli na solusheni ya kuzibia pancha. Akabandika mpira juu ya kipande cha kioo, akachora kwa msumari, akakata kwa wembe, akabandua sehemu alizotaka ziwe nyeupe. Kisha akapaka dawa ya baba yake, akatia maji, akasugua kwa kijiti bapa, taratibu, kuzungukazunguka, tangu ndizi zilipowekwa jikoni mpaka zilipoiva. Alipobandua mpira wote, kulikuwa na punje mbili za kahawa zimelala pamoja ndani ya ganda moja, nyeupe, na pembeni mistari ya kukatana kama ile ya mkeka ambao Felicitas mwenyewe husuka.

Felicitas alikishika kile kioo, akakigeuza huku na huku. Akasema alilolizoea: "Umenawa mikono?"

Tangu siku hiyo alimlinda binti yake kama anayelinda mgonjwa. Vumbi la kioo, alisema, likiingia kifuani halitoki, na jichoni ndiyo usiseme. (Katika hilo hakukosea, na anayesoma hapa alishike: kioo kisuguliwe kikiwa kimelowa, kisipulizwe kwa mdomo hata mara moja, na tambara la kazi hiyo lisionane na vyombo vya chakula.) Alikuwa akipita na kibuyu cha maji kila baada ya muda, akimwagia kazi ya mtoto kana kwamba ni mche wa kahawa.

Vioo vilipatikana vya kuokota. Pale Kamachumu palikuwa na duka la zamani la vitambaa, mwenyewe alikwishahama, na upepo ulikuwa umeangusha nusu ya paa. Joviana aliomba kwa mlinzi vipande vya madirisha, akapewa. Kimoja tu ndicho kilikuwa kizima, kirefu kuanzia kiunoni mpaka kidevuni mwa mtu. Mama na binti walikibeba kwa miguu hadi Ijumbi, kimelazwa juu ya majani makavu ya migomba, na njia nzima Felicitas alitembea kinyumenyume akihesabu mawe.

Sasa, mwaka ule kijiji kilikuwa kimefungua shamba la pamoja, na kila mtu mzima alikuwa na siku zake za kulima. Watu wakaanza kusema. Aliyesema kwa sauti ni Kokuberwa, jirani, tena kisimani ambako masikio ni mengi.

"Wenzake wana jembe, yeye ana tambara. Tumeambiwa kila mtu ale jasho lake. Huyo wako atakula vioo?"

"Vioo vyake tunaviona, Kokuberwa," Felicitas akamjibu. "Jasho lako wewe tunalisikia harufu tu."

Wanawake wakacheka, Kokuberwa naye akacheka, lakini maneno yalifika kwa Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Rugaibula. Akaja mwenyewe. Alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kama ilivyo heshima, akatafuna punje mbili, akatazama vipande vilivyopangwa dirishani: kahawa, mkeka, korongo mwenye mguu mmoja. Akarudia kuvitazama kimoja kimoja mpaka Felicitas akaona kifo.

"Binti," Mwenyekiti akasema, "zahanati yetu tumeijenga kwa mikono yetu, na chumba cha sindano kina dirisha linalotazama barabara. Halina kioo. Hicho kikubwa ulichonacho, kifanyie kazi, uandike na jina. Jumamosi wageni wa wilaya wanakuja kufungua. Kikipita mbele ya macho yao na yetu, hii ni kazi ya kijiji kama kulima, hakuna atakayekusema. Kisipopita, Jumatatu nataka kukuona shambani na jembe, na haya mambo yaishe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, waitu," Joviana akasema, kwa neno la Kihaya la kumheshimu mkubwa.

Kioo kilikuwa kimoja. Cha pili hakikuwapo, si Ijumbi, si Kamachumu.

Joviana alifanya kazi Jumatatu na Jumanne. Juu aliweka matawi ya kahawa yenye matunda, pembeni mistari ya mkeka. Jumatano akabandika mpira chini, akaanza kupanga herufi. Alikuwa ameweka mbele yake kadi ya kliniki ili anakili. Akaandika Z kwa msumari.

Felicitas, aliyekuwa anapita na kibuyu, akasimama.

Hapa inabidi mwambiwe jambo. Felicitas alisoma mpaka darasa la nne, enzi za mkoloni, kwa mwalimu mwenye fimbo ya mti wa kahawa. Sisi ambao Kihaya ndicho tulichonyonya, ulimi wetu hauna *dha*. Zahabu, tunasema. Zambi. Mwalimu yule alimpiga Felicitas viganjani wiki nzima: "Dhahabu! Dhambi! Ulimi kati ya meno!" Mpaka ulimi ukakaa kati ya meno, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo fahari yake. Barua za kijiji zilipita kwake. Katika darasa la watu wazima yeye ndiye aliyewasimamia wanawake, na asiyesema *dha* hakuruhusiwa kukaa.

"Hiyo nini?" akauliza.

"Z, mama. Zahanati."

"Dha! *Dha*hanati. Unataka wageni wa wilaya waone kwamba Ijumbi hatujui Kiswahili?"

"Lakini mama, kadi imeandikwa..."

"Kadi imepigwa chapa wapi?"

"Bukoba."

"Na aliyepiga chapa ni nani, kama si Mhaya mwenzetu mwenye ulimi mzito? Kosa likichapwa linakuwa kweli?"

Joviana alitazama kadi, akamtazama mama yake. Mama ndiye aliyemfundisha kushika kalamu. Akabandua ule mpira, akabandika mwingine, akakata D, akakata H. Alisugua siku mbili. Felicitas alimwagia maji kwa furaha, akayasoma maandishi kwa sauti, ulimi kati ya meno.

Ijumaa asubuhi walikipeleka kioo. Seremala akakitia kwenye fremu, watu wakasogea. Kilikuwa kizuri, hata Kokuberwa alisema *mae*. Jua lilipita kwenye matawi ya kahawa, kivuli chake kikalala sakafuni, majani na punje, na mtoto mmoja akainama akataka kuziokota.

Ndani, nesi Adventina alikuwa akifungua makasha ya dawa. Alikuwa amehamishwa kutoka Kahororo wiki ile ile, mwanamke mwembamba mwenye mdomo wa mjini. Akatoka, akasoma, akarudia.

"Dhahanati? Hapa tunachoma sindano au tunachimba dhahabu?"

"Ndivyo inavyoandikwa," Felicitas akasema.

"Mama, njoo uone." Adventina akamwonyesha kasha lililotoka Dar es Salaam, limepigwa mhuri mweusi wa herufi kubwa: ZAHANATI. Pembeni lingine. Na lingine. Makasha sita, yote Z.

Dar es Salaam hawakuwa Wahaya.

Felicitas alihisi viganja vyake vinawaka kama ile wiki ya fimbo. Nje alisikia kicheko kinaanza kwa Kokuberwa na kusambaa. "Dha-ha-na-ti!" watu wakasema, kila mmoja na ulimi nje. Mwenyekiti Rugaibula akafika, akaambiwa, akavua kofia.

"Wageni ni kesho," akasema. "Joviana, nani aliandika hivi?"

"Mkono ni wangu, waitu."

Hakumtazama hata mama yake. Na Felicitas alijua kwamba akinyamaza tu, neno hilo litatosha: binti atapewa jembe, na yeye atabaki mwalimu wa *dha*. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kumeza mate.

"Mkono ni wake," akasema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kichwa ni changu. Yeye aliandika Z. Mimi ndiye niliyemfutisha. Nilimwambia kadi ya serikali imekosea, mimi wa darasa la nne. Mwenyekiti, kama kuna wa kuchekwa, yuko hapa amesimama."

Kicheko kikapungua. Kokuberwa akasema, "Haya, mama Dha, tumekusikia," lakini kwa upole.

"Kusikia hakutengenezi kioo," Mwenyekiti akasema.

Adventina alikuwa bado anatazama dirisha kutoka ndani. "Mimi hata jina silitaki," akasema. "Mimi nataka pazia. Mtu nimemlaza hapa nimchome, na kila apitaye barabarani anamwona makalio. Tazameni wenyewe."

Watu wakatazama. Ni kweli, kupitia nafasi kati ya herufi kitanda kilionekana chote.

Joviana akasogea karibu na kioo. Akaweka kiganja juu ya D, halafu akakiteremsha mpaka kwenye fremu, polepole, kama anayevuta nguo.

"Mama," akasema, "maji."

Hawakukitoa hata kwenye fremu. Binti alibandika mpira kulinda kahawa na mkeka, na sehemu yote ya chini, kuanzia penye maandishi, akaipaka dawa na kuisugua nzima, wazi na nyeupe pamoja. Felicitas akashika tambara la pili. Hakuwa amewahi kulishika. Mkono ulimwuma kufikia saa sita, na saa nane alikuwa hausikii tena, na kila alipotaka kusema "hapa bado" alilimeza neno akasugua penyewe. Kokuberwa ndiye aliyeshika kibuyu. Jua lilikuwa bado juu ya migomba walipomwagia maji ya mwisho na kubandua mpira.

Juu, kahawa kwenye matawi yake. Chini, weupe mtupu, laini, kama ukungu wa asubuhi unapolala juu ya kibanja, shamba la nyumbani, na vichwa vya migomba tu ndivyo vinatokeza. Adventina akaingia ndani, akafunga mlango, akalala kitandani, akapaza sauti: "Mnaniona?"

"Hatukuoni!"

"Sasa hapo nimekaa vibaya, mnaniona?"

"Hatukuoni, nesi!"

Jumamosi wageni walisimama mbele ya dirisha hilo kuliko mahali pengine popote. Mmoja aliuliza kioo cha namna hiyo kimeagizwa kutoka nchi gani. Mzee Rugaibula akajikohoza, akasema kimeagizwa kutoka nyumba ya tatu baada ya kisima. Jumatatu jembe la Joviana lilibaki ukutani. Kabla ya Krismasi walikuja watu wa parokia kutoka Kamachumu, wakiwa wamebeba vioo vyao viwili kwenye majani ya migomba.

Jambo moja lilibaki. Herufi zilisuguliwa mara mbili, kwa hiyo ziko ndani kidogo kuliko weupe mwingine. Mchana huzioni. Lakini asubuhi, jua likipiga kwa ubavu, neno zima linajitokeza kwenye ukungu, na wanawake walio kwenye foleni ya kliniki husoma kwa pamoja, ulimi nje, wakimtazama Felicitas.

Siku moja mgeni, mama wa mbali aliyekuja na mtoto mgongoni, aliuliza ni nani aliyekitengeneza kioo kizuri namna ile.

"Binti yangu," Felicitas akasema, akainua kidevu. "Joviana wa Datius. Na hapo chini, pale unapoona *dha*, nilimsaidia mimi."