Tambi Hazikwenda kwa Asajile

Shemeji yangu Asajile alileta neno Jumatano: Jumamosi, siku ya kumaliza msiba, chakula cha jikoni kwangu kifike mlangoni kwake adhuhuri. Hakuongeza kitu. Kwetu Ndandalo mjane akimpelekea ndugu wa marehemu chakula siku hiyo, amekubali kurithiwa. Na chakula hicho mwanamume mwingine hakionji kabla ya mrithi. Akikionja, kimekwisha kuwa chakula cha wageni tu.

Mume wangu Aliko, baba wa wanangu, alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Nilikwisha kumwambia Mungu kwamba sitakuwa mke wa tatu wa mtu.

Rut, mfinyanzi wa ziwani, mjane kama mimi, alinishauri nisiwashe moto kabisa. Nikamjibu kwamba nikikaa bila kupika watasema nimejificha. Nitapika, na harufu wataisikia.

Nilikuwa na unga wa ngano niliopewa misheni, ambako nilifanya kazi ya jiko miaka minne na kujifunza kupika tambi. Nikaukanda kwa mayai, nikausukuma kwa chupa, nikaukata nyuzi nyembamba, nikazichemsha. Ndani ya chungu kipana cha Rut nikatandika tambi, juu yake boga, nyanya na majani ya maboga, kisha tambi tena, mpaka ukingoni. Nikamwagia maziwa mgando yaliyopigwa na yai, nikafunika kwa kigae, nikapalia makaa juu na chini. Nilikuwa nikiimba Zaburi taratibu.

Adhuhuri wanawake sita wa maombi walikuwa wameketi mikekani uani kwangu. Nilipofunua, juu palikuwa pameiva rangi ya dhahabu. Asajile akatokea migombani na mzee Angetile, shahidi wake, ambaye hana jino hata moja.

Akauliza kwa nini chakula hakijafika. Nikamwambia kipo, akaribie mkekani.

Wanawake wakacheka chini chini. Huku mwanamume hali na wanawake. Hula na wa rika lake, na akionekana mkekani kwetu watamtania mpaka azeeke.

"Kiinue hicho chungu unifuate," akasema.

"Sikiinui, shemeji. Nimepika kwa ajili ya nyumba yangu. Anayetaka ale hapa."

"Unajua ng'ombe wa kaka yangu ni wangu?"

"Najua. Wachukue. Mimi sifungwi kamba."

Wakati huo mzee Angetile alikuwa amesogea karibu na chungu, akinusa. Akauliza nyuzi zile ni kitu gani. Rut akamwambia si minyoo, asiogope, ni laini kuliko ndizi iliyoivishwa, hata mtoto wa miezi sita anameza.

Mzee akamtazama Asajile, akatazama chungu. Kwa wakwe zake hupewa nyama, naye huigeuza mdomoni mpaka jua linatua. Akaketi. Nikampakulia katika kibakuli, akala kwa vidole, nyanya ikimtiririka kidevuni, wala hakumngoja mtu.

"Mzee!" Asajile alisema.

"Nimekwisha kula," Angetile akasema. "Basi hiki ni chakula cha wageni. Umenileta kushuhudia, nami nitasema nilichokiona, na tumbo langu litasema pia."

Nikawakazia wanawake macho. Nilijua kwamba wakicheka sasa, atarudi na vijana wa rika lake na kuvunja mlango. Nikasema tu, "Ndaga, mzee," ndiyo asante yetu, nikampakulia tena.

Asajile alikwenda zizini, akafungua ng'ombe wote wanne pamoja na ndama aliyekuwa bado ananyonya, akawaswaga kuelekea kwake Ipyana. Ndama alilia njia nzima. Wanangu watakunywa maji badala ya maziwa kwa muda mrefu, nalijua hilo. Nikafunga zizi lililokuwa tupu, nikarudi mkekani, nikasali sala ya chakula, maana nilikuwa sijala bado.