Mchumba Asije Amelewa

Mamamkwe aliingia sebuleni na chupa ya bia nyeusi. Alikuwa ameifunika kwa kitambaa cha jikoni, utadhani anaficha kifaranga mwewe asimwone. Mkwewe, fundi cherehani, alikuwa amelisogeza tumbo lake la miezi sita pembeni ya cherehani, akishona pindo la sketi ya mteja.

“Kunywa, mwanangu. Glasi moja tu. Hii inaongeza damu.”

“Ahsante, mama. Lakini muuguzi wa kliniki amenikataza. Anasema nikinywa mimi, na mtoto kanywa.”

“Muuguzi gani, yule kisichana? Mimba ya mumeo niliinywea kila Jumamosi. Ana kasoro gani?”

“Leo katia chumvi kwenye chai.”

“Hiyo karithi kwa babake!”

Wakacheka, lakini bia ikamiminwa kwenye glasi. Fundi akaondoa mguu kwenye pedali. Mama huyu hakuwa na baya. Ndiye aliyemchemshia maji ya kuoga kila asubuhi. Kumkatalia kavukavu ni kumvunja moyo. Kunywa nako hakuwezekani: muuguzi alisema pombe hupita kwenye damu hadi kwa mtoto, inaweza kumharibia ubongo maisha yake yote, na hakuna ajuaye kiasi kisichodhuru.

Mamamkwe akainama, akagonga tumbo kwa kidole kama kawaida yake. “Hodi, mume wangu! Mkeo nimekuletea kinywaji. Mwambie mama yako aache maringo.”

Hapo fundi akapata pa kupenyea.

“Mama, si uliapa hutaolewa tena na mlevi?”

“Niliapa, na sirudi nyuma! Marehemu baba yenu alikuwa akirudi nyumbani anaimba, kavaa kiatu kimoja!”

“Sasa mbona huyu mchumba unamlewesha kabla hata hajabisha hodi?”

Mamamkwe akaangua kicheko mpaka akakalia rundo la vitambaa vya wateja. Kilipomwisha, akauliza kwa sauti ndogo, “Kumbe mumeo ningemdhuru?”

“Hakuna aliyekwambia, mama. Mlibahatika. Mimi naogopa kubahatisha.”

Mamamkwe akaichukua glasi na chupa yake, na maji ya sinki yakasikika yakimwagika. Aliporudi, alikuwa na bakuli la maharage.

“Damu hii hapa. Kula.” Akagonga tena tumbo. “Na wewe bwana, umesikia? Kwangu unaingia na akili timamu, na viatu vyote viwili.”