Nareyu au Namunyak

Nareyu aliambiwa mlangoni kwamba wazee wamekuja kumchumbia. Alikuwa amerudi likizo tu kutoka sekondari kule Karatu, na ripoti yake ya kidato cha tano ilikuwa begini.

Baba yake, mzee Metui, hakuwa mkatili. Mwaka wa ukame aliugua vibaya, na Senteu, mtu wa rika lake, akambeba mgongoni hadi kwenye lori lililompeleka hospitali. Alipopona alimwahidi mbele ya rika zima mmoja wa binti zake wawili: "Nareyu au Namunyak ataolewa na mwanao." Neno kama hilo halirudishwi.

Ila msichana alikuwa na kichwa, jamani! Muhula mzima Mwalimu Ignas alikuwa amewachosha kwa "na", "au" na "ikiwa". Nareyu akawainamishia wazee kichwa, wakamgusa utosini, akaomba kusema.

"Baba, ulisema 'Nareyu na Namunyak'?"

"Hapana. Nilisema 'au'."

"Sentensi yenye 'na' inataka pande zote mbili ziwe kweli. Yenye 'au' inatosheka na upande mmoja. Kwa hiyo hata nisipoolewa mimi, si lazima neno lako liwe la uongo."

Wazee wakatazamana. Senteu akaangua kicheko. "Metui, umezaa wakili!"

Uso wa Metui ukakunjuka. Kumbe naye alikuwa hajalala siku tatu, akimwonea huruma binti yake. "Nenda shule, mwanangu," akasema, na Nareyu akataka kuruka kwa furaha.

"Namunyak!" baba akaita. "Njoo usalimie wazee."

Nareyu akageuka ghafla. Mungu wangu, amefanya nini? Alijitoa upande wake, na ahadi yote ikabaki imemwangukia mdogo wake. Si Nareyu, basi ni Namunyak. Mwalimu Ignas angeipa hesabu hiyo alama zote.

Namunyak, mwenye miaka kumi, alikuja mbio, mikono imelowa maziwa, akainamisha kichwa mbele ya Senteu.

"Baba!" Nareyu alipiga kelele. "Nimekosea! Ni mimi, niolewe mimi!"

"Hukukosea," Metui alimjibu kwa upole. "Umetueleza vizuri, na sote tumeelewa."

Mkono wa Senteu ulikuwa tayari juu ya utosi wa mtoto.