Maksai wa Viti Kumi na Tisa

"Kadi ziko wapi?"

Mkaguzi alitia mkono kwenye mfuko wa kiti cha tatu, akautoa mtupu. Cha nne, mtupu. Cha tano, mtupu, tena msafi, hamna hata ganda la njugu. Rubani msaidizi alikohoa, akageukia dirisha, ambako vumbi la uwanja wa Kakuma lilikuwa bado halijatua.

"Zilikuwepo, madam."

"Sikuulizi kama zilikuwepo. Moshi ukijaa humu ndani, abiria atasoma wapi namna ya kufungua mlango wa dharura? Usoni mwako?"

Keziah ndilo lilikuwa jina lake, mkaguzi wa usalama ndani ya ndege, aliyetumwa na serikali kutoka Nairobi. Mwanamke mfupi, viatu vya raba, tochi ikining'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Asubuhi hiyo alikuwa amekalia viti vyote kumi na tisa, kimoja kimoja. Alivuta kila mshipi, akasoma tarehe ya mtungi wa kuzimia moto, akalala kifudifudi kumulika chini. Alichokiona alikiandika. Asichokiona alikiandika zaidi.

"Nani husafisha ndege hii?"

Chini ya bawa, Magloire, mpakiaji mizigo, Mkongo mwenye mdomo usio na kufuli, alimgusa Nyandeng bega.

"Mama, ule mukubwa anakuita. Iko anaangalia mpaka chini ya viti. Kama uliacha kadudu, atakauliza jina na kabila."

"Dudu yote nimefukuza," Nyandeng akasema, akajifuta mikono kwenye leso.

Alikuwa mrefu hata mlango wa nyuma wa ndege ulimlazimisha kuinama kama anayeingia kanisani. Alipoulizwa habari za kadi, hakushtuka. Alishuka, akaenda kwenye kibanda cha mabati pembeni mwa uwanja, akarudi na kopo la mafuta ya msaada lililofungwa kwa kufuli ndogo. Ndani mlikuwa na kadi kumi na tisa, zimepanguswa, zimeviringishwa kwenye kitambaa.

Kitendawili: kitu gani hukulisha ukikishika, na ukikipoteza hukuacha na njaa magunia ya mahindi yakiwa mbele yako? Kakuma yote ingejibu kabla hujamaliza kutega. Kadi. Watu kambini walilala na kadi za mgao kifuani. Basi Nyandeng alipoona kadi nzuri zenye picha zimeachwa hovyo ndegeni, abiria wengine wakizikalia, wengine wakizikunja kujipepea, roho ilimuuma. Akazikusanya, akazifungia. Tangu Januari ya mwaka huo wa 1996 hakuna rubani aliyeuliza, na hilo nalo Keziah aliliandika.

"Kadi hapana tupa," Nyandeng alimweleza. "Kadi ikipotea, mtu anakufa."

Tabasamu lilimjia Keziah, akalimeza. "Kweli, mama. Mtu anakufa. Ndiyo maana lazima iwe pale mkono wake unapofika."

Wakazirudisha pamoja, kiti baada ya kiti. Walipofika cha mwisho, mkono wa mkaguzi ukatua kwenye kitambaa kilichovikwa juu ya kiti, mahali abiria huegemeza kichwa. Akakisugua kwa vidole viwili. Akatazama mbele. Viti vyote vilikuwa navyo, na juu ya kila kimoja palishonwa maksai mmoja: mwili mweusi, kichwa cheupe, pembe ya kulia imepaa juu, ya kushoto imeshuka karibu na shavu.

"Na hivi?"

"Hii ni yangu," Nyandeng akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapungua. "Nimeshona mimi."

"Vinapendeza. Lakini sijui vinawakaje. Hapa siwezi kuwasha kiberiti. Tutakwenda Lodwar, nivijaribu huko, na wewe utakuja nami."

Polisi wa uwanja alimwandikia ruhusa ya siku moja ya kutoka Kakuma. Hivyo ndivyo Nyandeng, aliyekuwa amefagia ndege hiyo miaka mitatu, alivyopanda kwa mara ya kwanza. Magloire alipiga kelele kutoka chini, "Mama, ukifika juu usifagie mawingu!" Ardhi iliposhuka, alishika mkono wa kiti kwa vidole vyote. Chini, mito mikavu ya Turkana ilijinyoosha kama nyuzi zilizofumuliwa.

Keziah hakutazama mito. Alimtazama rubani msaidizi, kisha akamwambia, "Fumba macho. Kutoka kiti hiki mpaka mlango wa dharura, viti vingapi?"

"Vitano... hapana, sita."

"Vinne," Nyandeng akasema kutoka nyuma. Hakuwa ameulizwa. Mkono wake ndio ulivijua.

Lodwar kulikuwa na jua la kukaanga. Keziah alimpeleka nyuma ya karakana, mbali na mapipa ya mafuta, akakibana kitambaa kimoja kwenye waya, akawasha kiberiti, akatazama saa yake. Sheria inataka moto ujizime wenyewe. Huu haukujizima. Ulipanda mguu wa maksai, ukapanda tumbo, na uzi mweusi, uliofumuliwa kutoka sweta za msaada, ukadondoka mchangani matone matone huku ukiwaka. Walipoumwagia maji, ilibaki pembe moja tu.

"Umeona mwenyewe," Keziah akasema.

"Nimeona."

"Lazima vitoke vyote. Leo."

Nyandeng alichuchumaa, akachukua ile pembe, ikamwachia masizi mkononi. "Dada, wewe iko na kaka?"

"Ninao wawili."

"Wanajua pahali unakaa?"

Keziah aliitikia kwa kichwa.

Basi Nyandeng akasema, na Kiswahili chake, ambacho alikiokota sokoni neno kwa neno, kikajikwaa. Kwao Sudan, kijana akishakuwa mwanamume hupewa maksai, huimba nyimbo zake, huitwa kwa rangi yake. Ater, kaka yake, alipewa Makuei, mweusi mwenye kichwa cheupe kama tai mvuvi. Pembe ile ya kushoto Ater aliifunza kushuka kwa mikono yake mwenyewe, mvua baada ya mvua. Mwaka wa 1991, walipokuwa wakikimbia kutoka Ethiopia, walikokuwa wakimbizi, mto uliwatenga. Nyandeng aliandikisha jina la Ater kwa kila mtu mwenye kalamu. Majina yanafanana. Ater ni wengi. Ng'ombe yule ni mmoja. Na ndege hii hubeba watu mpaka Lokichoggio, na kutoka Loki watu huvuka kwenda Sudan. Mmoja wao akimwona Makuei, atauliza.

"Kuna aliyewahi kuuliza?"

"Mzungu mmoja. Aliuliza bei."

Keziah alicheka, kisha akaacha. "Mama Nyandeng, nisikilize. Nimewahi kuingia kwenye ndege iliyoungua. Sitakuambia nilichokikuta kwenye viti. Nikikuachia hata kimoja, nitakuwa nimekuachia kile kile kitakachowachoma watu wanaotafutwa na dada zao."

Nyandeng aliinamisha kichwa. Kisha akaomba wembe.

Ndani ya ndege alivifumua yeye mwenyewe. Alikuwa amevishona pindo kwa mishono miwili, visivutwe na mikono ya watu, na sasa ile kazi nzuri ilimchosha. Keziah aliketi ng'ambo ya ujia, fomu magotini. Palikuwa na sehemu ya kueleza kitu kilichoondolewa, na mkaguzi huyu hakuacha sehemu wazi.

"Pembe gani imeshuka?"

"Kushoto. Lakini unaandika kwa nini?"

"Sheria. Kitu kikiondolewa kielezwe mpaka asiyekiona akijue. Mwenye ng'ombe umesema Ater. Baba?"

"Biar. Ater wa Biar. Kwetu Bor." Wembe ukabaki hewani. "Hii karatasi inasomwa na nani?"

"Wachache sana."

"Wachache ni watu," Nyandeng akasema, akaendelea kufumua.

Kitambaa kimoja kilitiwa kwenye bahasha ya kahawia, kikapewa namba. Kumi na saba alivifunga ndani ya leso yake. Kitambaa cha mtu mmoja kinakuwa kizito, jamani, kikikosa mahali pa kuwekwa. Kambini kadi yake ya mgao ilikuwa ya mtu mmoja vilevile. Mahindi yake hayakujaza hata sufuria ndogo, na jioni hakuna aliyemuuliza kama yameiva.

Alasiri ndege iliitwa kurudi Kakuma, kisha Loki. Nyandeng alipewa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Viti vilivyokuwa mbele yake vilibaki uchi. Jua la miaka lilikuwa limevipausha, ila pale vitambaa vilipokuwa. Kila kiti kilikuwa na mraba wa samawati iliyokolea, kama mlango uliofungwa.

Abiria wakaingia: masista wawili, daktari, mzee na fimbo yake. Nyandeng aliinama kutafuta ncha ya mshipi. Miguu mirefu ya mwanamume ikapita ubavuni, makubazi ya tairi yenye vumbi jekundu, na alipoinua kichwa mtu huyo alikuwa ameshafika mbele, ameketi, kofia ameivua. Kisogo chake kikaegemea ule mraba wa samawati. Masikio yalikuwa madogo, yamelala, kama ya watu wa nyumbani kwao.

Injini ziliunguruma. Nyandeng akaliita jina la Ater, sauti ikamezwa. Akashika mshipi kutaka kuufungua. Ng'ambo ya ujia Keziah, kalamu mkononi, aliinua kiganja: bado. Ndege ikaanza kukimbia, ikauacha mchanga wa Lodwar.

Taa nyekundu ya mishipi iliwaka juu ya viti. Nyandeng aliketi, mikono juu ya furushi, akitazama kisogo kile, akiingoja taa izimike.