Flashi Iliyozunguka Msibani

Wiki chache kabla ya kufariki, mke wangu Yudith alirekodi sauti yake kwenye kompyuta yetu ya nyumbani, hapa Uyole. Yalikuwa maneno ya binti yetu Tumpe, ayasikilize siku ya kipaimara. Hakutaka yanakiliwe popote.

Tulipomzika, ndugu zake wa Kilolo hawakutaka kurudi mikono mitupu. Kaka yake, Liberatus, akachukua flashi yenye picha za mazishi na nyimbo za kwaya ya Yudith, akaizungusha kwenye kompyuta za jamaa, kila mmoja apate nakala. Jioni akaichomeka tena kwetu aongeze picha. Ndani mlikuwa na folda mpya: “Picha za Dada”.

“Nani kaweka hii?” nikauliza.

“Ndugu tu, shemeji. Nani mwingine?” Akaibonyeza. Hakikufunguka kitu.

Asubuhi hakuna faili hata moja lililofunguka. Yote, hata sauti ya Yudith, yalikuwa na majina yasiyosomeka.

Fundi Saulo alikaa mbele ya kompyuta hadi chai yake ikapoa.

“Pole, Baba Tumpe. Ile haikuwa folda, ni kirusi kimejivika sura ya folda. Kompyuta moja ikiwa nacho, kinapanda kwenye flashi. Kikifika nyingine kinasubiri mtu akibonyeze mwenyewe. Kikishaingia, kinafunga kila kitu.”

“Ufunguo?”

“Anao aliyekitengeneza. Hatumjui.”

Siku mbili baadaye Liberatus alipiga simu kutoka Kilolo.

“Shemeji, kompyuta ya kwaya ya huku nayo imekwisha. Ni mimi nimekileta hicho kirusi.” Alikuwa analia. Nikamuuliza kama mvua imenyesha.

Siku ya kipaimara, Tumpe alitoka kanisani na gauni lake jeupe, akaenda moja kwa moja kukaa mbele ya kompyuta. Alikuwa anajua. Nilishamwambia.

“Hata neno moja hukusikia, baba?”

“Alinifukuza.”

“Alisemaje?”

“‘Baba Tumpe, toka huko, una masikio marefu kama sungura. Haya ni yangu na mwanangu.’ Akafunga mlango, nikamsikia anacheka, halafu anakohoa.”

Tumpe alicheka. Kisha akafunika uso kwa mikono.

“Sema tena,” akaniambia. “Ila sema kama yeye.”

Nikajaribu.