Perege wa Vidole Viwili

Bwana samaki, yule afisa wa uvuvi, alinikuta lamboni natoa wavu. Athanas huyo, kijana ninayeweza kumzaa, lakini hata shikamoo hakunipa. Alishika wavu akapenyeza vidole kwenye tundu. Vikaingia viwili, akasema sheria inataka vinne.

"Mama Bujiku, unavua watoto. Samaki watakwisha. Wavu nauchukua."

Nilikasirika. Wavu ninao huo mmoja, mume sina. Ukiondoka, wanangu wanne wanakula nini? Na hiyo sheria yake naijua. Nimevua lambo hili tangu mwaka sitini na nane, kwa wavu wa vidole vinne, na perege mmoja alikuwa anajaza sahani. Kisha wakaja wachimbaji kutoka upande wa Geita, wakaanza kuchenjua dhahabu kwenye kijito kinacholeta maji yetu, na zebaki yao na matope yao. Mwaka hadi mwaka samaki wakawa wanapungua mwili. Ilipofika themanini na mbili wanapenya vidole vinne na kwenda zao, mimi narudi nyumbani mikono mitupu. Ndipo nikasuka matundu madogo. Ofisini kwao mabwana samaki nimekwenda mara tatu kuwaeleza. Nani alikuja? Kila mara pikipiki haina mafuta. Leo kwa ajili ya wavu wangu, pikipiki imepata mafuta.

"Hawa si watoto," nikamwambia. "Lete mkono."

Nikatoa perege mmoja kwenye beseni, hazidi kidole changu cha kati. Nikambana taya juu ya kiganja cha Athanas. Mayai ya njano yakamwagika, maana perege jike hulea mayai yake mdomoni.

"Mtoto gani analea? Huyu ni mama mtu mzima, amedumaa tu. Nenda kawanyang'anye wachimbaji makarai yao ya dhahabu huko juu kijitoni."

Aliyainamia yale mayai akayatazama. Nikadhani ameelewa. Mkono ulikuwa unamnata, akaomba maji ya kunawa. Nikachota lamboni kwa kata, nikamsogezea.

Akarudisha mkono nyuma upesi.

"Nitanawa mjini, mama."

Kumbe anajua maji haya yana zebaki. Siku zote alikuwa anajua, mshenzi yule. Akajifutia mikono kwenye wavu wangu, akaukunja, akaufunga nyuma ya pikipiki na kuondoka. Nikabaki nimeshika kata. Maji hayo hayo, asubuhi nilikuwa nimewapikia wanangu uji.