Darubini Kubwa na Bega la Kushoto

Siku hiyo mjinga alikuwa Kimeli, na ukimuuliza hatakuficha. Atakwambia alikuwa na macho mawili mazima na darubini mbili mezani, na bado akashindwa kuona kitu ambacho mwanamke mwenye sufuria mkononi alikiona bila hata kufinya jicho.

Meza yenyewe ilikuwa ya hoteli ya Mama Dorine, kibanda cha mabati kando ya geti la kituo cha askari wa wanyamapori, juu kule Boito, pale chai inapoishia na msitu unapoanzia. Ogada, fundi wa bunduki, alikuwa amefika asubuhi kutoka makao makuu, amekumbatia sanduku kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Ndani mlikuwa na darubini mbili za kufunga juu ya bunduki, kubwa na ndogo. Moja ingebaki, nyingine irudi na gari la Ijumaa. Ofisi ilisema mwenye kuchagua awe yule atakayefyatua, na mtu huyo alikuwa Koplo Kimeli.

Wa kupigwa risasi alikuwa nyati mzee mwenye sikio lililochanika. Wiki ya pili sasa alikuwa akishuka kutoka msituni na kulala katikati ya chai za watu. Chai iliyochumwa vizuri inalala sawa juu kama meza, kwa hivyo nyati akijilaza kwenye njia ya wachumaji, humwoni mpaka umkanyage. Alikuwa ameshamvunja mama mmoja nyonga. Mashamba ya juu hayakuwa yameguswa kwa siku tisa. Kesho asubuhi Kimeli angeingia humo, na Ogada angesimama kwenye bega lake la kushoto. Ndivyo kazi yao ilivyo: mmoja analenga, mwenzake anasimama begani kushoto, na kazi ya huyo wa begani ni macho na mdomo tu.

"Anza na hii kubwa," Ogada alisema. "Lakini usiizoee, omera, ndugu yangu. Nitakunyang'anya."

Bunduki ilibaki imefungiwa stoo. Ogada hakubali mtu achungulie kijiji kupitia bunduki. Darubini ililazwa juu ya mfuko wa unga uliojazwa mchanga, ikaelekezwa ng'ambo ya bonde, kwenye kituo cha kupimia majani. Kifaa cha Ogada cha kupima umbali kilisema mita mia sita na kumi.

Kimeli akazungusha pete hadi mwisho, mara ishirini na tano. Ng'ambo ikaja mpaka puani. Aliona ndoano ya mizani na kutu yake. Aliona karani amekaa kwenye benchi, hana majani ya kupima, anajichokonoa sikio kwa kofia ya kalamu.

"Hii ni kanisa," Kimeli alisema. "Mtu anaweza kuombea hapa."

"Omba basi, umalize. Jaribu ndogo."

Ndogo ilikuwa fupi, nyepesi, ya kuvuta mara mbili hadi mara kumi. Kimeli aliweka jicho. Bonde lote likaingia kwenye duara: mabati ya kituo, mistari ya chai, mikaratusi, kipande cha msitu. Na kwenye ukingo wa duara, upande wa kushoto, alisimama mwanamume mwenye koti la mvua la kijani. Mikono ilikuwa imefungwa kifuani. Bua la nyasi lilikuwa linacheza mdomoni.

Kimeli aliinua kichwa. Ng'ambo hapakuwa na mtu isipokuwa karani.

Akaweka jicho tena. Benard alikuwa pale pale, anatafuna nyasi yake, anangoja.

Usidhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Benard, askari mwenzake aliyekuwa akisimama begani kwake, alikuwa amekufa miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili Kimeli alikuwa amemwona kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, kwenye dirisha la kanisa, kwenye maji ya ndoo kabla hayajatulia. Daima upande wa kushoto. Daima pembeni, popote palipobaki nafasi kidogo. Hakuwahi kumtisha. Alisimama tu kama mtu aliyesema jambo, anasubiri ajibiwe.

Na alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo Kimeli hakuwahi kumwambia mtu. Siku ile walikuwa ukingoni mwa msitu huo huo, na darubini ya kuazima ilikuwa imevutwa hadi mwisho. Nyati aliyekuwa akimlenga alijaa kwenye duara hadi Kimeli akaziona kope zake. Mtu akiona kope za nyati anajiona bingwa. Alikuwa amefumba na jicho la kushoto, kitu ambacho hata kuruta hufokewa akikifanya. Ndipo Benard akasema begani, polepole, "Kimeli, kushoto." Kimeli akajibu, "Nyamaza, nimempata." Benard akarudia, "Kushoto, Kimeli." Nyati wa pili alikuja kwa njia ya wachumaji, mbio, bila mlio. Walipomfikisha hospitali ya Longisa, Benard alikuwa ameshakata roho njiani. Wakubwa walipouliza, Kimeli aliandika kwamba mnyama alitokea ghafla na hakuna aliyemwona.

Sasa alifuta kioo cha darubini ndogo kwa shati, ingawa hakikuwa na uchafu.

"Nachukua kubwa," alisema.

Ogada alicheka. "Wewe koplo, umerogwa na ndoano ya mizani? Hiyo ni ya watu wa kupiga makaratasi kwenye uwanja mkavu. Hapa asubuhi ukungu unashuka. Ukungu ukishuka, hii kubwa itakuvutia ukungu karibu mara ishirini na tano."

"Nitapiga kutoka ng'ambo. Mita mia sita. Nikiwa mbali, hakuna mtu wa kufa."

"Nyati, mita mia sita? Ukimpiga tumbo akaingia kwenye majani, nani atamfuata? Si mimi na wewe? Na tukiwa ndani, hatua thelathini, utatoa hiyo bomba yako umtafute? Utaona nywele tu. Hutajua ni za mgongo au za matako."

"Nitaipunguza. Pete si inazunguka?"

"Ikipungua mwisho wake ni mara tano. Hiyo ya ndogo inafika mbili, jicho la pili linabaki wazi, unaona dunia. Acha utoto. Kesho bega la kushoto ni langu."

"Nimesema kubwa."

"Nipe sababu moja tu."

Kimeli akatoa sababu sita. Alisema juu ya kioo kupokea mwanga mwingi alfajiri. Alisema juu ya vipimo vidogo ndani ya msalaba wa kulengea, na kile kitufe cha juu kinachohesabu kwa mlio, ti, ti, ti. Aliongea vizuri kama mwenye duka, na kadiri alivyoongea vizuri ndivyo Ogada alivyozidi kumtazama usoni badala ya kutazama darubini. Mtu mwenye sababu sita kwa kawaida anaficha ya saba.

Mvua ya mawe ikaanza, ile ya kila alasiri, ikapiga mabati kwa kelele kiasi kwamba wote wawili walisogeza viti ndani. Mama Dorine alikuja na sufuria ya chai ya maziwa. Jina lake ni Rodah. Dorine ni binti aliyeachiwa na Benard. Baada ya mazishi kituo kilimpa nafasi ya kufungua hoteli getini, na Kimeli ndiye aliyempigilia mabati hayo, msumari kwa msumari, siku nne, bila kuzungumza.

"Mnagombania vioo kama wasichana," Rodah alisema, akimimina, kisha akamgeukia Kimeli. "Baba Chepkemboi, hebu sogea."

Aliweka sufuria chini, akajifuta mkono kwenye leso, akainama kwenye darubini kubwa. Akachungulia kwa muda. Kisha akachungulia ndogo.

"Hii kubwa mtu anaona kitu kimoja tu," alisema.

"Mwambie, Mama Dorine!" Ogada akapiga meza. "Mwambie, mimi nimekauka koo."

"Ndiyo maana naitaka," Kimeli alisema.

Ogada akachukua kikombe asikinywe.

"Hiyo ndogo ina nini, Baba Chepkemboi?" Rodah aliuliza.

Kimeli alitazama vidole vyake. Angeweza kutaja uzito. Angeweza kutaja kitufe. "Benard yuko ndani," alisema.

Ogada aliacha kutabasamu.

"Amesimama wapi?" Rodah aliuliza, kana kwamba anauliza ng'ombe yuko upande gani wa ua.

"Kushoto. Pembeni. Ana koti lile la kijani."

"Anasema nini?"

"Leo hasemi. Siku ile ndiyo alisema. Aliniambia kushoto. Aliniambia mara mbili, Mama Dorine. Nikamwambia anyamaze. Mimi sikuandika hivyo. Niliandika hakuna aliyeona."

Rodah hakulia wala hakumpiga, mambo mawili ambayo Kimeli alikuwa amejiandaa nayo kwa miaka miwili. Alichukua leso akafuta meza mahali pakavu, akafuta tena. Nje mawe yalikuwa yanavunja majani machanga ya chai, na hakuna mtu aliyekuwa shambani kuyaonea huruma.

"Dorine aliwahi kuniuliza," alisema hatimaye. "Kama babake alilala kazini. Watoto shuleni walimwambia alilala."

"Hakulala."

"Sasa najua."

Ogada alisafisha koo. "Koplo, kesho mimi—"

"Ngoja, Ogada." Kimeli alinyosha mkono juu ya darubini kubwa kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Sikilizeni. Mimi sikatai makosa yangu. Lakini kesho lazima nipige, na siwezi kupiga mtu amesimama ndani ya kioo ananitazama. Kwenye hii kubwa hana nafasi. Kuna nyati peke yake. Nipeni hii, nimalize kazi, kisha mnishtaki ofisini, mnifukuze, chochote. Lakini siwezi kutumia kioo ambacho ndani yake namwona mume wako."

Rodah aliichukua darubini kubwa kutoka chini ya mkono wa Kimeli, akairudisha kwenye sanduku la Ogada, akafunga kifuniko.

"Kimeli," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumwita kwa jina lake, "mume wangu hakufa kwa kuonekana sana."